Skokiaan: Wimbo Ulitoka Wapi, na Jina Lake Lina Maana Gani?

Wewe uliyesikia somo hili redioni, sasa wasoma maneno yale yale. Nawe uliyelikosa, soma polepole. Hutapungukiwa na kitu ila mlio wa santuri yenyewe.

Leo tuna neno moja tu la kulichunguza, nalo ni neno geni. Mwalimu wa darasa na aliandike ubaoni kwa herufi kubwa: SKOKIAAN. Tulisome kwa vipande: sko-ki-ani. Hizo a mbili za mwisho ni desturi ya uandishi wa Makaburu wa Afrika Kusini; zaonyesha kwamba sauti inavutwa kidogo.

Neno hili ni jina la wimbo. Ulipotungwa haukuwa na maneno ya kuimba. Ulikuwa wimbo wa vyombo tu, wa kuchezea dansi. Mwaka 1954 ulipendwa mno huko Marekani. Bendi nyingi zikaupiga, na mmoja wa walioupiga ni Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi. Watu wakacheza, wakanunua santuri, na wachache sana wakauliza maswali ambayo sisi tutayauliza leo. Nani aliutunga? Mahadhi yake, yaani mpando na mshuko wa sauti zake, yalitoka wapi? Na jina hili la ajabu, maana yake nini?

Ukitaka kujua asili ya wimbo, anza na karatasi ya santuri. Santuri za wakati ule zilikuwa sahani nyeusi, nzito, za kuvunjika kama kigae, nazo zilizunguka mara 78 kwa dakika moja. Katikati ya sahani palibandikwa karatasi ya duara. Juu yake pana jina la kampuni, kwa herufi kubwa. Pana jina la wimbo. Pana jina la mpigaji au la bendi. Na mara nyingi chini ya jina la wimbo pana jina jingine, kwa herufi ndogo kabisa, ambalo wanunuzi wengi hawakulisoma. Hilo ni jina la mtungaji. Basi tusome herufi ndogo.

Katika santuri za Skokiaan za mwaka 1954, herufi ndogo zasomeka Msarurgwa. Jina hili limeandikwa vibaya. Mwenyewe alikuwa August Musarurwa, mpiga saksafoni wa mji wa Bulawayo, katika nchi iliyoitwa wakati ule Rodeshia ya Kusini, nayo tangu mwaka 1980 ni Zimbabwe. Mtu aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza alikosea herufi, na kosa hilo likafuata santuri mpaka ng'ambo ya bahari. Hata hivyo jina halikufutwa. Likumbuke jambo hili; tutalirudia.

Musarurwa hakuwa na bendi ya hoteli kubwa. Bendi yake ilikuwa ya watu wa kazi, nayo ilichukua jina la mahali pa kazi: African Dance Band of the Cold Storage Commission of Southern Rhodesia. Jina refu kama treni! Hiyo Cold Storage Commission ilikuwa shirika la serikali lililonunua ng'ombe, likawachinja, na kuihifadhi nyama katika vyumba vya baridi. Mchana nyama, usiku dansi. Waliirekodia kampuni ya Gallo, ambayo makao yake yalikuwa Johannesburg, Afrika Kusini. Mwaka unaotajwa mara nyingi kwa santuri ya kwanza ni 1947. Baadaye bendi hiyo ilijulikana kama Bulawayo Sweet Rhythms Band, na kwa jina hilo fupi santuri yake iliuzwa Marekani.

Sasa tuyatazame mahadhi. Mtu aliyeusikia wimbo huu hukumbuka saksafoni kwanza. Inaanza chini, inateleza kwenda juu kama mtu anayeita rafiki yake ng'ambo ya mto, kisha inakaa pale juu na kuchezacheza. Nyuma yake nyuzi zapigwa haraka haraka bila kupumzika, na ngoma zinakwenda nazo. Hakuna mwanzo mkubwa wala mwisho mkubwa. Kinachosikika ni kitu kinachozunguka.

Kuzunguka huku ndiko alama ya ukoo wake. Wimbo huu ulikuwa wa dansi iliyoitwa tsaba-tsaba, iliyopendwa katika miaka ya 1940. Tsaba-tsaba nayo ilikuwa mtoto wa muziki mwingine wa mijini huko Afrika Kusini, ulioitwa marabi, ambao ulienea katika miaka ya 1920 na 1930. Kama darasani yupo anayepiga gitaa, ataelewa upesi nisemayo. Mpigaji wa marabi hana haja ya kujua mahali pengi pa kuweka vidole. Ana vikundi vitatu vya sauti. Anapiga cha kwanza, anakwenda cha pili, anarudi, anakwenda cha tatu, na hapo anajikuta yuko mwanzo tena. Anaweza kuzunguka hivyo mpaka alfajiri, na juu ya mzunguko huo mwenye saksafoni au kinanda anaongeza mapambo yake, leo hivi na kesho vile.

Vikundi hivyo vitatu vilitoka wapi? Watu wa mijini walikuwa wamevizoea katika nyimbo za dini walizofundishwa katika shule za misioni. Mtindo wa kuzunguka bila kwisha walikuwa nao tangu nyumbani, katika nyimbo za wazee wao, ambazo mstari mmoja hurudiwa na kupambwa. Tena walikuwa wakisikia santuri za jazi kutoka Marekani, nazo ziliwafundisha kupenda saksafoni na tarumbeta. Haya yote yaliingia chungu kimoja. Kwa hiyo mtu akisema Skokiaan ni jazi ya Marekani iliyoigwa na Waafrika, amesema robo ya habari. Na akisema ni ngoma ya asili isiyochanganyika na kitu, naye hajasema kweli. Ni kazi ya mtu wa mjini, aliyeishi baina ya kanisa, kiwanda na gramafoni.

Nimesema chungu, na neno hilo latupeleka kwenye jina.

Skokiaan ni pombe. Ni pombe ya siri, iliyopikwa majumbani katika miji ya Afrika Kusini na ya Rodeshia. Kwa Kishona yaitwa chikokiyana. Wimbo haukuipa pombe jina. Pombe ilitangulia kwa miaka mingi. Mwaka 1933 na 1934 mtafiti mmoja, Ellen Hellmann, alichunguza maisha ya watu waliopanga katika ua mmoja wa Johannesburg ulioitwa Rooiyard, akaandika jinsi wanawake wa ua huo walivyoishi kwa kupika pombe, na skokiaan ilikuwa mojawapo.

Kwa nini watu wapike pombe ya namna hii, hali wazee wao walikuwa na pombe njema ya nafaka? Wewe uliyekulia kijijini wajua kazi ya pombe ya mtama au ya ulezi. Nafaka inalowekwa, inaoteshwa iwe kimea, inaanikwa, inasagwa, inapikwa, inaachwa ichachuke. Ni kazi ya siku nyingi na vyungu vikubwa, na harufu yake hufika kwa jirani wa tatu. Kijijini si neno. Mjini, chini ya sheria za wakati ule, ilikuwa hatari. Katika Rodeshia ya Kusini ya miaka ya 1940, Mwafrika alikatazwa na sheria kunywa pombe za Kizungu. Pombe ya nafaka aliruhusiwa, lakini mjini ilipaswa kuuzwa na halmashauri ya mji, katika majumba yake yenyewe, na faida ikaingia katika mfuko wa halmashauri hiyo. Afrika Kusini nako Waafrika walikatazwa pombe za Kizungu mpaka mwaka 1962. Mwanamke aliyepika kwake na kuuza alikuwa mvunja sheria. Polisi walikuja usiku, wakapindua vyungu, wakatoza faini, wakafunga watu.

Basi akina mama wakatafuta pombe isiyohitaji siku nyingi. Maji, hamira, sukari, pengine na unga wa mahindi. Ukiichanganya leo, kesho iko tayari. Vyombo vyake vidogo, vyaweza kufukiwa katika ardhi ya ua na udongo ukasawazishwa juu yake. Polisi wakija hawaoni kitu. Hiyo ndiyo skokiaan. Utaona kwamba haraka yake na ukali wake vililetwa na sheria yenyewe. Wengine, kwa kutaka iwe kali zaidi, walitia spiriti ya kuwashia taa, na spiriti hiyo ni sumu. Yaweza kumpofusha mtu au kumwua. Sitaisifu pombe hii. Lakini sitamcheka mwanamke aliyeipika pia, maana mara nyingi kodi ya chumba na chakula cha watoto vilitoka humo. Huko Johannesburg wapishi mashuhuri waliitwa malkia wa skokiaan.

Sasa twaweza kuona kwa nini wimbo wa dansi upewe jina la pombe. Mwenye nyumba anayeuza pombe ataka wateja wakae, tena warudi Jumamosi ijayo. Muziki ndio unaowaweka. Mpiga kinanda au gitaa aliitwa, akapiga usiku kucha, akalipwa senti chache, chakula, na kinywaji. Marabi yenyewe ilikulia katika nyumba hizo. Ule mzunguko usiokwisha tuliousema ulifaa sana mahali ambapo hakuna mtu ataka muziki ukome. Hivyo mahadhi na jina vilitoka katika vyumba vile vile. Mtu wa Bulawayo alipoona neno Skokiaan juu ya santuri hakuhitaji kufafanuliwa. Alijua harufu yake, bei yake, na hofu ya mlango kugongwa usiku. Huenda alicheka pia. Jina la kitu kilichokatazwa, limechapwa wazi kwenye karatasi ya duara na kuuzwa dukani!

Kitu hicho kilifikaje Marekani? Inasimuliwa kwamba rafiki mmoja aliyesafiri kusini mwa Afrika alimpelekea santuri hiyo mtangazaji wa redio wa mji wa Cleveland, jina lake Bill Randle. Mtangazaji akaipenda, akaipiga redioni, na watu wakaanza kuiulizia madukani. Wenye kampuni za santuri, ambao siku zote wana masikio makali kwa mlio wa fedha, wakawaita wapigaji wao haraka kuurekodi wimbo huo. Katika mwaka 1954 bendi ya Ralph Marterie iliufikisha nafasi ya 3 katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani. Santuri ya Bulawayo yenyewe, ile ya Musarurwa na wenzake, ilifika nafasi ya 17. Si jambo dogo kwa bendi ya watu waliotoka kwenye kazi ya nyama. Tena, mimi nikiulizwa, hiyo ya 17 yaishinda ile ya 3. Bendi ya Marterie ni kubwa na safi, lakini yapita kama gwaride. Ile ya Bulawayo yacheza.

Mwezi Agosti 1954 Louis Armstrong naye aliurekodi, na wimbo ukajaza pande mbili za santuri. Tarumbeta yake ilichukua nafasi ya saksafoni. Mtu huyu alizaliwa New Orleans, mji ambao bendi zake pia zilikuwa za mitaani na za nyumba za pombe, na nadhani ndiyo sababu ya yeye kuuelewa wimbo upesi bila kufundishwa.

Lakini Wamarekani walitaka pia kuimba. Mtunga nyimbo Tom Glazer akautilia maneno ya Kiingereza, na waimbaji wanne walioitwa The Four Lads wakayaimba mwaka ule ule. Maneno hayo yanamwalika msikilizaji asafiri mpaka Afrika, mahali pa mbali penye furaha tupu, kijumba msituni na ngoma. Hakuna mji. Hakuna chumba cha kupanga wala halmashauri wala polisi. Tena baadhi ya santuri ziliandikwa kwamba huu ni wimbo wa Afrika Kusini, kana kwamba Bulawayo na Johannesburg ni mtaa mmoja. Jina lilibaki vile vile, herufi nane zile zile, lakini maana yake ilikuwa imemwagwa, kama polisi walivyomwaga vyungu. Mtu wa Chicago aliyeimba Skokiaan mwaka 1954 huenda alidhani ni jina la kijiji, au la msichana, au ni sauti tu ya kupendeza.

Nilikuomba ukumbuke jina la mtungaji. Hapa yafaa tuutazame wimbo mwingine wa kampuni ile ile ya Gallo, upate kuona tofauti. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu, aliimba na wenzake huko Johannesburg wimbo aliouita Mbube. Kwa Kizulu mbube ni simba. Santuri ilifika Marekani, na mwimbaji Pete Seeger akaisikiliza. Neno la kiitikio hakulisikia vizuri, akaliandika kama alivyolisikia: Wimoweh. Kwa jina hilo ukaimbwa na kundi lake, The Weavers. Mwaka 1961 ukapewa maneno mapya ya Kiingereza na jina jipya, The Lion Sleeps Tonight, ukazunguka dunia nzima. Linda alikuwa ameiuzia kampuni haki ya wimbo wake kwa shilingi 10. Akafa mwaka 1962, maskini. Binti zake walidai haki mahakamani, na mapatano yalipatikana mwaka 2006, miaka 44 baada ya kifo chake.

Linganisha karatasi hizi mbili. Mbube ilipoteza jina lake na ikapoteza jina la mtungaji. Miaka mingi wengine ndio walioandikwa. Skokiaan ilipoteza maana ya jina, lakini jina la Musarurwa, ingawa limeandikwa kombo, lilibaki katika herufi ndogo kando ya jina la Glazer. Ndiyo maana mtu akiuliza leo, anaweza kufuata njia kutoka santuri ya Armstrong mpaka Bulawayo bila kupotea. Herufi chache tu zimefanya kazi hiyo, na herufi hizo hazikuwa na hata kimo cha punje ya mchele.

Mwaka 1960 Louis Armstrong alizunguka Afrika na bendi yake. Alipiga Ghana, akaenda Kongo, akafika na Kenya, na mwezi Novemba akawa Rodeshia. Huko alikutana na August Musarurwa. Mpiga tarumbeta aliyeuchukua wimbo kwenye karatasi akamwona mwenye jina kwa macho. Musarurwa alifariki mwaka 1968. Wimbo haukufa naye. Mwaka 1978 Hugh Masekela wa Afrika Kusini na Herb Alpert wa Marekani waliupiga tena kwa pembe mbili, na katika mikono ya Masekela, mtoto wa miji ile ile ya vyungu vilivyofukiwa, jina lilikuwa na mtu wa kulijua.

Sasa chukua daftari lako. Chagua wimbo mmoja wa dansi au wa arusi unaopendwa mtaani kwako, ambao jina lake hulielewi vizuri. Katika juma hili mtafute mtu mzima kuliko wewe, umwulize mambo haya, nawe uandike majibu yake kwa maneno yake: aliusikia wapi mara ya kwanza, nani aliupiga, jina lake lina maana gani, na je, siku zote ulikuwa na maneno haya haya? Watu wawili wakikupa majibu yasiyopatana, yaandike yote mawili, na kando ya kila jibu andika jina la aliyekuambia. Jina hilo uliandike kama mwenyewe anavyolitamka, umsomee, akusahihishe.

Maneno ya imla ya juma hili ni: asili, mahadhi, mtungaji, santuri, saksafoni, halmashauri, hamira, mapatano.